Nyimbo za Mapasa Nilizozikataza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai inanishinda, naiacha ipoe. Wewe unafunga begi kwenda kuhubiri nchi ya watu, una furaha, na mimi nakufurahia. Lakini kaa kwanza. Hili sijawahi kulisimulia kanisani, na hata leo silisimulii kwa kupenda.

Nilikuwa kijana kama wewe nilipovuka ziwa kutoka Kigoma kwenda Kalemie, wakati ule nchi ikiitwa Zaire. Kanisa lilinituma niwe mwinjilisti. Wenyeji walinipokea vizuri mno. Walinipa nyumba, wakaniletea ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa kule, na wakaniita Mutumishi, hata wale wazee wa kunizaa. Basi kichwa kikavimba. Nikaanza kudhani kwamba kila nisichokijua ni dhambi.

Jirani yangu alikuwa Mama Feza, mke wa fundi wa reli. Akajifungua mapasa, ndivyo wanavyowaita pacha kule, wakaitwa Kyungu na Kabange kama ilivyo desturi yao. Baba yao alikuwa kazini, mbali, njia ya Kabalo. Asubuhi nikasikia kelele. Natoka, naona akina mama wa kanisa langu, wale wale wanaokaa benchi la mbele Jumapili, wamejifunga majani viunoni, wanacheza mlangoni kwa Mama Feza na kuimba matusi. Matusi kweli, mwanangu! Mambo ya chumbani, ya baba na mama, siwezi kuyatamka mbele yako. Na Mama Feza ndani anacheka.

Hasira zikanipanda. Sikuuliza mtu. Nikasimama katikati yao nikatangaza kwamba atakayeimba tena nyimbo zile hatashiriki meza ya Bwana. Wakanyamaza, wakafungua majani yao, wakaondoka mmoja mmoja. Nami nikarudi ndani nikapiga magoti kumshukuru Mungu kwa ushujaa wangu. Ushujaa gani, jamani!

Jioni akaja Mama Mwayuma, kiongozi wa akina mama kanisani, mtu mzima sana. Nilimpa kiti, hakuketi.

"Mutumishi, ile nyimbo ni ya kusalimia mapasa," akasema kwa Kiswahili cha kule, ambacho "ndio" husema "njo". "Kwetu hauingie kwa nyumba ya mapasa na kinywa kimefungwa, ni kumuzarau mama yao. Na wale wamama wenye kuimba, njo wanachota maji, njo wanapika, njo wanabeba mutoto mumoja wakati mama ananyonyesha mwingine. Sasa umewafukuza. Nani atamusaidia Feza?"

"Mungu atamsaidia," nikajibu.

Akaniangalia. "Mungu alikuwa amewatuma wale," akasema, akaenda zake.

Hata hapo sikusikia. Kusema kweli nilisikia, ila niliona haya kubadili neno langu. Siku zikapita. Nikawa namwona Mama Feza akitoka kuchota maji, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani, ndoo kichwani. "Bwana asifiwe, Mutumishi," ananisalimu. Naitika, napita. Ningeweza kumpokea ile ndoo, lakini mwinjilisti kubeba maji ya mke wa mtu, watu wangesemaje? Ndivyo nilivyowaza, mwanangu. Wale akina mama walipita mbali na mlango wake, maana kuingia kimya hawawezi, na kuimba nimewakataza.

Kabange akashikwa na homa. Mama yake hakuwa na wa kumwachia Kyungu, wala wa kumsindikiza dispensari. Alingoja mtoto apate nafuu, naye hakupata. Alipofika huko na watoto wake wote wawili, nesi alisema amechelewa sana.

Kule, pasa akifa hawamlilii. Wanamwimbia, nyimbo zile zile, maana wanaamini kilio kitamwita aliyebaki amfuate mwenzake. Wakaja uani akina mama wote, wakakaa chini. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeimba. Walikuwa wananiangalia mimi. Baba wa watoto amerudi, amekaa na nguo zake za reli, naye ananiangalia.

"Imbeni, mama zangu," nikasema. Sauti haikutoka vizuri, nikarudia. "Imbeni."

Mama Feza alikuwa ananyonyesha Kyungu. Akainua uso.

"Leo njo unawaruhusu, Mutumishi?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua. Wakaimba, nami nikasimama pale na Biblia yangu mkononi, natamani ardhi inimeze.

Hakuna aliyenishtaki kwa wakubwa. Kesho yake waliniletea ugali na ndagala kama kawaida. Laiti wangenitukana. Kyungu sasa ni mtu mzima, ana watoto. Akinipigia simu ananiita baba. Sijui kama mama yake aliwahi kumweleza, na mpaka leo sijathubutu kuuliza.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukifika huko utaona mambo yatakayokuchefua. Kabla hujafungua mdomo kukataza, uliza: nani anasaidiwa na jambo hili, na nikilikataza atabaki na nani? Ukiambiwa umekosea, rudi siku hiyo hiyo ukaombe radhi, hata kama umati mzima unakutazama. Aibu ya siku ile ingekwisha jioni. Hii niliyonayo nimezeeka nayo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio, akupe miguu myepesi ya kurudi ulipokosea, na akupe mikono isiyoona haya kubeba ndoo ya mtu. Wapende watu wa huko, nao wakupende. Nenda na amani.