Laptop Mpya na Ua la Mama Beatrisi

Naikumbuka Jumatatu moja ya mwaka 2016, mwanangu, siku niliyorudi nyumbani Yeoville na laptop mpya kwapani nikijiona nimefika. Nilikuwa na miaka hamsini na moja, na mjukuu tayari ninaye. Lakini ujana si miaka peke yake. Mtu huwa kijana tena katika kila jambo asilolijua, na katika mambo ya kompyuta mimi nilikuwa kijana mbichi, tena mwenye kiburi cha kijana. Nakueleza haya kwa Kiswahili ingawa najua utanijibu kwa Kiingereza. Nyinyi mliozaliwa hapa Johannesburg ndivyo mlivyo, na mimi nimeshachoka kugombana na jambo hilo. Sikiliza tu.

Mimi ni fundi wa kudarizi. Nguo ikishashonwa naletewa niweke jina, au ua, au nembo ya kanisa. Kazi hiyo nilifundishwa na Papa Mulumba, mzee wa Lubumbashi aliyenipokea nilipofika mji huu kutoka Uvira nikiwa sina hata sindano. Yeye na mkewe, Mama Beatrisi, walikuwa na chumba cha mbele kwenye barabara ile ya saluni, mzee akishona na mama akichora. Mama Beatrisi hakusoma sana, ila mkono wake uliyajua maua. Kulikuwa na moja alilolipenda kuliko mengine, ua la petali sita lenye jani moja lililopinda upande, kana kwamba mtu amepita karibu nalo. Papa Mulumba aliliingiza kwenye kompyuta ili mashine ya kudarizi iweze kulishona. Macho yake yalipochoka alinikabidhi mashine pamoja na laptop, akaniambia maua yote ya mkewe sasa yako mikononi mwangu, niyatunze. Nikasema ndiyo, Papa. Nilisema upesi, kama watu wanavyosema ndiyo kwa wazee.

Laptop ile ilikuwa ya Windows, nene na nzito, kifuniko kimelegea mpaka nilikuwa nakifunga kwa lastiki ya suruali. Ukiiwasha ungeweza kwenda spaza, kile kiduka cha mtaani, kununua mkate ukarudi bado inajifikiria. Lakini kazi ilifanya. Unaiunganisha na mashine kwa waya, unachagua ua, na mashine inaanza kushona. Miaka sita haikuniangusha hata siku moja.

Kilichoniangusha ni aibu. Dada mmoja Mkenya, mfanyakazi wa benki kule Sandton, aliniita ofisini kwake nimwonyeshe michoro ya nguo za harusi ya mdogo wake. Nikavaa vizuri, nikapanda treni ya kasi, mimi na watu wa tai. Kumbe mezani kwao kila mtu alikuwa na Mac, zile laptop nyembamba za rangi ya fedha. Nikatoa ya kwangu, nikafungua lastiki, na kifuniko kikaanguka nyuma kikalala chali. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Yule dada alinishikia kifuniko kwa mkono wake mpaka nilipomaliza kuonyesha, kwa heshima kabisa, kisha akanipa kazi. Mimi nilirudi nyumbani sikumbuki kwamba nimepewa kazi. Nilichokumbuka ni ule mkono.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Jumatatu iliyofuata nilikuwa Marshalltown, kwa Mtanzania mmoja anayeuza kompyuta zilizotumika. Alikuwa mtu mwema, nataka ulijue hilo, maana mtu akisimulia kosa lake ni rahisi kulisukumia kwa muuzaji. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamjibu "kazi za kompyuta tu", kwa sababu niliona haya kusema mimi ni fundi wa nguo. Akanionyesha Mac. Nikauliza kama ina mikwaruzo. Nikauliza kama betri inakaa. Nikaifungua na kuifunga mara tatu, nione kifuniko kinavyoshika. Hayo ndiyo maswali yangu yote, mwanangu. Akaniambia nikimwachia ile ya zamani atanipunguzia bei, na akaniuliza kama nimeshatoa vitu vyangu. Nikasema nimetoa.

Sikudanganya. Niliamini hivyo, na hapa utanicheka, nawe cheka tu. Kila siku maua niliyaona kwenye kioo kidogo cha mashine ya kudarizi. Nikitaka ua linatokea pale, na pale pale mashine inalishona. Basi kwa akili yangu maua yalikaa kwenye mashine, kama sindano na nyuzi zinavyokaa kwenye mashine. Laptop niliidhani ni swichi ya kuwashia tu. Miaka sita nala kwa kazi ile na sikuwahi kujua kazi yenyewe inakaa wapi. Mashine ile haikuwa ikihifadhi kitu. Ukichomoa waya inasahau kila ilichoshona.

Nilipofika nyumbani nikaunganisha waya. Kioo cha mashine kikabaki cheupe. Nikaingiza ile programu ya kudarizi, nayo ilikuwa imetengenezwa kwa Windows peke yake. Kwenye Mac haikukubali hata kufunguka. Nikajiambia nimekosea mahali fulani, nitapata mtu wa kunisaidia. Kazi ya harusi nikampa fundi mwenzangu aimalize. Siku tatu nilizunguka chumbani naifuta ile laptop mpya vumbi ambalo halikuwepo.

Siku ya nne akaingia Papa Mulumba na furushi la nguo. Mama Beatrisi alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia, tukamzika hapa hapa mbali na kwao, na sasa mwaka ulikuwa umetimia na familia inajiandaa kutoa matanga. Unajua desturi ya kwetu: siku hiyo nguo nyeusi zinavuliwa, wote wanavaa kitambaa kimoja, na kilio kinapewa ruhusa ya kwenda. Alizipanga nguo mezani moja moja, kumi na moja, akazilainisha kwa kiganja.

"Utaweka ile maua ya Mama pa kifua, kwa kila mutu," akaniambia. "Ni ile tu. Nyingine hapana."

Nikasema ndiyo, Papa. Kwa mara ya pili maishani nikamwambia ndiyo ya upesi. Hakujua chochote, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia. Alipotoka tu, nikatoka na mimi, nikapanda teksi mpaka Marshalltown.

Yule Mtanzania alinipokea vizuri, akanipa kiti. Laptop yangu ilikuwa imeondoka jana yake na mteja asiyemjua jina. Nikamwuliza vitu vilivyokuwa ndani.

"Nimeshaisafisha, mama," akasema. "Huwa nafuta kila kitu, mtu asije akachungulia mambo yako."

Alikuwa amenifanyia wema, unaona. Nikamshukuru, ningefanya nini? Nilirudi kwa miguu, robot hadi robot, kama tunavyoziita hapa taa za barabarani, magari yanasimama na kuondoka, na sikuona haraka ya kufika. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini anayekuja kuyanywa bado yuko njiani na kikombe chake.

Nilikwenda kwa Papa Mulumba moja kwa moja, kabla woga haujanitafutia uongo. Nikamweleza yote, kuanzia mkono wa yule dada wa Sandton. Alinisikiliza akiangalia sakafu. Alikuwa mzee mwenye ulimi mkali, kwa mshono mmoja uliopinda aliwahi kunifumulisha suti nzima, na nilitamani anitukane. Hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mwenye kuuza, ulimuuliza nini?"

Nikamtajia: mikwaruzo, betri, kifuniko.

"Basi ulimuuliza juu ya macho ya batu," akasema, yaani jinsi watu watakavyoniona. "Juu ya kazi yako, haukumuuliza kitu." "Mimi siko na kasirani juu ya mashini. Mashini ni mashini. Ungekuja hapa, useme, Papa, maua inakaa wapi? Ningekuambia. Ni mulango wa tatu kutoka kwako."

Mwanangu, mlango wa tatu. Kutoka kwangu mpaka kwake ni saluni moja na duka la simu. Nilipanda teksi, nikaenda mpaka Marshalltown kutafuta laptop, na mtu aliyejua nilichohitaji alikuwa anakunywa chai mlango wa tatu. Sikumwuliza kwa sababu alikuwa mzee, na ile laptop ya lastiki ilikuwa yake, na niliona anachokijua kimezeeka pamoja nayo.

Karatasi alizochorea Mama zilikuwa zimeshapotea siku nyingi, na ua lilikuwa limebaki mahali pamoja tu, kwenye mfuko wa shati la mzee la Jumapili. Alinipa shati. Lilikuwa limefuliwa mara nyingi mno. Petali sita zilionekana, ila nyuzi za jani zilikuwa zimeshatoka zote, yamebaki matundu ya sindano yasiyosema njia. Nikamwuliza jani lilipinda vipi. Akafumba macho, akalichora mezani kwa kidole. Nikamwomba arudie, akarudia, na safari hii lilipinda kwingine. Hapo akatoa mkono mezani akauweka mapajani, na sikumwomba tena.

Nilidarizi maua kumi na moja kwa mkono, mchana, karibu na dirisha, majuma matatu. Macho yangu hayajawa yale yale tangu hapo. Siku ya kutoa matanga watu walisifu sana, na akina mama wa kanisani waliniuliza bei. Papa Mulumba alivaa yake mwisho. Akaliangalia ua kifuani, akapitisha kidole gumba juu ya lile jani, polepole, kama anasoma.

"Imefanana," akasema.

Alisema kwa upole, na alinishika bega, na siku ile tulikula na kuimba. Lakini neno hilo sijapumzika nalo mpaka leo. Kitu hufanana na kingine pale ambapo chenyewe hakipo. Mwaka uliofuata mzee alirejea Lubumbashi na shati lake, na mimi nimebaki na mashine.

Sasa wewe unataka kuhama kutoka aina moja ya kompyuta kwenda nyingine, na umekuja kuniuliza ipi ni nzuri. Sitakwambia ipi ni nzuri. Ile Mac haikuwa na kosa lolote. Binti yangu anaikatia video za harusi na haijawahi kumsumbua, ni kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili yake. Mimi nimerudi kwenye Windows, nyingine nene vile vile, na wateja hawajanikimbia. Chombo huchaguliwa na kazi. Kwa hiyo kabla hujaenda dukani, kaa chini ujue unafanya nini kila siku, kwa programu gani, na hiyo programu kule unakohamia ipo au haipo. Muuzaji akikuuliza kazi yako, mwambie bila haya, hata kama ni kushona vifungo. Kazi yako mwenyewe ibebe kwenye flashi, uifungulie pale pale dukani kwenye hiyo unayotaka kununua. Isipofunguka, shukuru, uage. Na jua vitu vyako vinakaa wapi. Usinijibu kwamba vimo humo humo; nenda uvione kwa macho, uvinakili mahali pengine pawili.

Zaidi ya yote, usiache mbachao kwa msala upitao. Ile ya zamani usiitoe siku unayonunua mpya, hata wakikupunguzia nusu ya bei. Iweke chini ya kitanda mpaka mpya imalize kazi moja nzima, tangu mwanzo hadi mteja ashukuru. Na kabla ya yote hayo, gonga mlango wa tatu. Kuna mtu pale anayekijua kitu chako kuliko unavyokijua, na hatakaa pale siku zote. Majuto ni mjukuu, walisema, na mimi ninao wajukuu wa kutosha.

Nenda sasa, nimechoka, nami nina nembo za kwaya za kumaliza. Mungu akuongoze mkono siku ya kuchagua, akufunge mdomo unapotaka kusema ndiyo upesi, aufungue unapoona haya kuuliza. Na chochote ulichoachiwa na waliokutangulia, mwanangu, wajukuu wako wakikute chenyewe, wasikute kilichofanana nacho.