Nilijibu Namba Isiyo Yangu

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, halafu baba akasema inatosha. Kwa hiyo mjukuu wangu alipochaguliwa kuwa kiongozi wa kikosi, niliringa mtaani utadhani nimechaguliwa mimi. Na hakuchaguliwa na mwalimu. Katika chama chao cha wasichana, wenyewe ndio wanaandika jina kwenye kikaratasi na kukitumbukiza kwenye kofia. Kikosi ni wasichana saba, kiongozi na msaidizi wake wakiwa humo humo. Viongozi wa vikosi vyote wakikaa pamoja, hilo ndilo baraza, na baraza likiamua, limeamua. Mlezi, yaani yule mwalimu mtu mzima, anakaa pembeni na hasemi mpaka aulizwe. Mjukuu wangu alikuwa na miaka kumi na minne. Walimpeleka Tororo siku tatu kufundishwa uongozi, akarudi na mistari miwili myeupe kwenye mfuko wa gauni na tabia ya kumwuliza kila mtu, "Wewe unaonaje?" Nadhani hata mbuzi aliwauliza.

Kambi ya chama ilikuwa upande wa Kenya, kwenye shule moja mbele kidogo ya Busia yao. Sisi tunakaa Busia ya Uganda. Ni mwendo wa miguu tu. Vikosi viliondoka kwa zamu, na kila kimoja kilitaka mtu mzima wa kuongea na askari wa mpakani. Nikajitolea. Mjukuu akanikalisha chini.

"Kukhu," akasema, maana kwetu Wasamia bibi ni kukhu, "kazi yako ni mbili. Kuongea na askari, na kutembea nyuma."

"Na nikiona kosa?"

"Unanyamaza. Tutaliona wenyewe."

"Mama yako nimemzaa mimi."

"Ndiyo maana nakuambia polepole."

Kila mmoja alikuwa na namba, na mwenzake wa kumchunga. Moja na mbili, tatu na nne, tano na sita. Wa saba, mdogo kuliko wote, alibaki bila mwenzake, basi wakanipa yeye, nami nikawa namba nane. Kiongozi akisema "Hesabu," kila mtu anataja namba yake. Yule mtoto alikuwa na sauti kama kifaranga kwenye kikapu. Tulipoanza safari shuleni kwao alisema "saba", nikaona hakuna aliyesikia, nikamsemea. Kwenye njia panda nikamsemea tena. Niliona namsaidia.

Barabara ya mpakani ilikuwa imejaa. Malori yamepanga mstari hata mwisho wake huuoni, boda boda zinapenya katikati, watu na mizigo kichwani. Nikasimama kidogo kwa mama anayeuza mukene, vile visamaki vidogo vya kukausha. Nikachota kiganjani, nikamwambia hii si mukene, ni mchanga uliochanganywa na mukene. Akanijibu, nami nikamjibu. Mtoto alikuwa ameshika gomesi yangu, lile gauni letu refu la mshipi. Kuinua macho, kikosi kimesogea. Nikakimbilia mstari.

Getini mjukuu akasema, "Hesabu." Moja mpaka sita wakaitika. Nikasema, "Saba. Nane." Sikuangalia. Mkono wangu ulikuwa kifuani unatafuta kitambulisho. Askari akaniuliza, "Mama, wote wapo?" Nikamwambia wote wapo. Tukapita.

Tulikuwa tumeshafika mbali ndani ya Kenya ndipo mjukuu akasimama kwenye kibaraza cha duka kugawa karanga za kuchemsha. Alikuwa amezifunga mafungu kwenye karatasi nyumbani. Akagawa, akabaki na fungu moja mkononi.

Nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na barabara tu.

Na mimi nayajua yale maeneo. Nilipokuwa msichana nilibeba sukari na mafuta ya taa kwenye njia za panya, zile za kukwepa forodha zinazoanzia nyuma ya malori na kupotelea kwenye mihogo. Nilikutana humo na watu ambao habari zao sikumsimulia hata marehemu mume wangu. Mtoto akishaingizwa humo, dakika kumi tu yuko nchi nyingine, na ni nani atakuambia amevaa nguo gani.

Wasichana wakaanza kupanga. "Getini alikuwepo," msaidizi akasema, "alisema saba." Basi atakuwa hapa hapa Kenya. Wakagawana wawili wawili, hawa wakaangalie kwenye maduka, hawa kwenye stendi ya boda boda. Walipanga vizuri. Walipanga vizuri juu ya uongo wangu.

Na mimi nilinyamaza. Lazima niseme hivyo kama ilivyo. Nilikuwa nafikiria mama wa yule mtoto, na mtaa mzima nilioringia. Wale wa kwanza walikuwa wameshaanza kuondoka ndipo nikasema, "Simameni. Getini hakuitika yeye. Niliitika mimi."

Nilingoja matusi. Mjukuu akaniuliza tu:

"Na kwenye njia panda?"

"Pia mimi."

"Kukhu, sikuulizi ulisikia nini. Kwa macho yako, mwisho ulimwona wapi?"

"Kwa mama wa mukene."

Akamwambia msaidizi abaki na wengine pale dukani, asiondoke mtu. Sisi wawili tukarudi. Mimi nilikimbia na gomesi yangu nimeikunja mpaka magotini, na vijana wa boda boda wakapata cha kusema. "Kukhu, umeiba nini?" "Mwacheni, anawahi harusi yake." Kwa askari nikabaki kuonyesha barabara kwa kidole. Mjukuu ndiye aliyesema, "Tumeacha mtoto upande ule, afande," akampa jina, umri, na rangi ya skafu. Askari akatuachia njia na kumwita mwenzake aangalie getini.

Kwa mama wa mukene hapakuwa na mtoto.

"Mtoto wa skafu ya njano," nikamwambia. "Nilikuwa naye hapa."

"Wewe si yule wa mchanga?"

"Nisamehe. Mtoto yuko wapi?"

Akapepea nzi. "Yule aliyekuwa anavutwa na mwanamke? Anamwambia twende, bibi yako yuko kule nyuma?"

Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi. Kule nyuma ni malori, na nyuma ya malori ni ile njia.

"Inuka, unanifukuzia wateja," akasema, na akafunua gunia lililoning'inia mezani. Mtoto alikuwa chini ya meza, ameukumbatia mguu wa meza kwa mikono miwili. "Nimemwambia nimpeleke polisi, hataki. Anasema kikosi chake kikimpoteza kinarudi mahali kilipomwacha. Yule mwanamke alipomvuta, huyu alipiga kelele mpaka dereva akashuka kwenye lori na spana. Mimi mwenyewe masikio yananiuma."

Yule wa sauti ya kifaranga.

Mchana ule baraza likakaa kwenye darasa moja pale kambini. Mlezi alikuwa kwenye kona anamenya viazi. Mjukuu akasimama, akaeleza yote, na la kwake akaanza nalo: alihesabu kwa masikio, hakugeuka kuangalia. Nilitamani nimzibe mdomo. Wakamwachia mistari yake ya uongozi, lakini kuanzia siku ile kila kiongozi anahesabu akitembea na kumgusa kila mtu bega. Halafu wakaniita. Msichana wa kikosi kingine, mwembamba, ana pengo, akaniambia, "Kukhu, asante kwa kusema ukweli. Lakini safari ya kurudi hutakuwa nyuma, wala hutapewa mtoto. Utatembea katikati."

Nikasema sawa. Ungesema nini?

Siku ya kurudi nilitembea katikati, msichana mbele na msichana nyuma. Tulipofika kwenye malori shingo ikataka kugeuka kumtafuta yule mdogo.

"Kukhu, angalia unapokanyaga," akasema wa nyuma yangu. "Yupo, nimemshika."