Mapazia ya Nyumba Tupu

Mtaa mzima ulimwita Mama Pazia, na jina lilimkaa kama nguo aliyojishonea mwenyewe. Alikuwa fundi wa mapazia tu. Ukimpelekea gauni alikuelekeza kwa jirani, ukimpelekea suruali alicheka. Lakini dirisha alilijua. Aliingia nyumba za watu na futi yake shingoni, akapanda juu ya stuli, akapima, akashuka, na hakuna aliyewahi kumrudishia pazia kwamba limepungua.

Yeye mwenyewe aliishi chumba na sebule katika nyumba ya kupanga, pamoja na mama yake mzazi. Macho ya bibi huyo yalikuwa yamezimika polepole, na sasa aliona kwa kiganja. Mama Pazia alimwita seremala akapigilia ubao mwembamba wa kushikia, kuanzia kitandani, ukapita mlangoni, ukazunguka ukuta mpaka bafuni. Bibi akiushika ubao ule alikwenda mwenyewe na kurudi mwenyewe, na njiani alipata nafasi ya kumgombeza mtu. "Nyumba hii ninaijua kuliko nyinyi mnaoona," alikuwa akijigamba. Kumhamisha kungekuwa kumpofua mara ya pili. Ndiyo maana roho ya Mama Pazia iliruka kila mwenye nyumba alipopiga hodi.

Mwenye nyumba naye walimwita Baba Funguo, kwa ajili ya lile rundo la funguo lililomning'inia kiunoni na kulia kabla hajafika. Alianza na nyumba ile, akanunua ya pili, akanunua ya tatu, mwisho akanunua jengo zima la ghorofa kando ya barabara kuu. Jengo lile hakulipangisha. Eti wapangaji huchakaza nyumba, na bei hupanda yenyewe hata nyumba ikikaa kimya. Siku bei ikinona atauza. Na kwa kila nyumba aliyonunua serikali ilimpunguzia kodi, kwa sababu yeye ni mwekezaji anayewapa watu makazi. Makazi! Waliokaa mle walikuwa mijusi.

Wezi walipoanza kung'oa mabomba na masinki, Baba Funguo alimwagiza Mama Pazia ashone mapazia ya madirisha yote, ionekane kuna watu. Kazi ni kazi. Alishona, na mama yake akamsaidia kukunja pindo kwa vidole, akikisifu kitambaa kwa ulaini wake. Siku ya kuyatundika, Mama Pazia alipita chumba hadi chumba, viatu vyake vikipiga kelele kwenye sakafu ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuikanyaga. Chumba cha chini, karibu na ngazi, bafu lilikuwa humo humo ndani. Alisimama akakiangalia. Halafu akameza mate, akafunga mlango.

Basi ikaja habari ya sheria mpya. Ilipendekezwa mwenye nyumba nyingi asipunguziwe kodi tena, na nyumba inayokaa tupu itozwe zaidi, ili ama ipangishwe, ama auziwe mtu anayetaka kulala ndani yake. Kamati ingesikiliza maoni ya wananchi ukumbini. Lo! Wenye nyumba waliruka kama waliomwagiwa maji ya moto.

Baba Funguo alikuja jioni, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mama Pazia, sisi ni ndugu sasa, au siyo?"

"Tumeishi vizuri, baba," akajibu, huku akijua kwamba udugu wa ghafla una gharama.

"Basi nisaidie jambo. Nenda ukumbini, useme wewe kama mpangaji. Waambie wakitubana sisi, mzigo utawaangukia nyinyi, pango la nyumba litapanda. Hivyo tu."

"Na nisipokwenda?"

"Mimi nimesema neno baya?" Akageuza shingo, akautazama ule ubao ukutani. "Lakini ukienda, pango lako halipandi, na bibi ataendelea kutembea zake humu humu. Si ndicho unachotaka?"

Ndicho alichotaka, na mzee yule alijua, ndiyo maana alimshika pale penye uchungu. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mama Pazia akaubusu. Akawa anayakariri maneno yale huku akikanyaga cherehani, hata mama yake akamuuliza:

"Unasali, au unaongea na nani?"

"Najifunza kusema, mama."

"Hayo ni maneno ya mtu. Yako huwa huyakariri."

Ukumbini wenye nyumba walikaa mbele, wamevaa kofia nyeupe zinazofanana. Wapangaji walisimama nyuma, maana viti vilikuwa vimekwisha. Baba Funguo alishika kipaza sauti mapema. Alieleza alivyojinyima, alivyojenga taifa, akafika mpaka pa kutoa leso.

"Wanasema tuna nyumba tupu. Nyumba gani? Mheshimiwa mwenyekiti, piteni barabarani leo hii mlitazame jengo langu. Kila dirisha lina pazia! Nyumba tupu huvaa mapazia?"

Kofia nyeupe zilicheka na kupiga makofi.

Mama Pazia alihisi damu ikimpanda kichwani. Uongo wa mtu mwingine alikuwa tayari kuubeba, alikuwa amekwisha kuupima na kuukubali. Lakini kazi ya mikono yake, pindo alizokunja na mama yake, isimamishwe shahidi wa uongo mbele ya watu wasio na pa kulala? Alipoitwa, Baba Funguo akimwitikia kwa kichwa kumtia moyo, yale maneno ya kukariri hakuyaona tena.

"Mimi ni mpangaji wa huyo baba," alisema. "Amenituma niseme pango litapanda. Haya, nimesema. Sasa niseme langu. Mapazia hayo nimeshona mimi. Nyuma yake hakuna kitanda, hakuna sufuria, hakuna mtu. Niliyatundika ili wezi wadanganyike. Sikujua kama yatakuja kuwadanganya na nyinyi."

Kule nyuma watu walipiga vigelegele. Mwenyekiti akagonga meza. "Asante mama, muda wako umekwisha. Kamati itakwenda kujionea."

Kamati ilikwenda kwa gari. Waliokuwepo walisema gari lilipunguza mwendo chini ya jengo, wakubwa wakainua macho, wakaona madirisha yamevaa vizuri, wakaendelea na safari yao. Hakuna aliyeshuka kugonga mlango hata mmoja! Mswada ukarudishwa kufanyiwa marekebisho, na huko miswada hulala usingizi wa pono. Kodi ya wenye nyumba haikuguswa. Na pango? Pango lilipanda, mtaa mzima. Watu wale wale waliolia kwamba sheria ikipita watalazimika kupandisha, sheria haikupita, na wakapandisha. Akueleze hesabu hiyo mwenye uso mkavu, mimi imenishinda.

Mama Pazia hakupandishiwa. Yeye aliambiwa ahame.

"Nataka nyumba yangu," Baba Funguo alisema mlangoni, safari hii bila kukaa. "Mwisho wa mwezi."

"Na mama yangu, baba?"

"Ungemfikiria kabla hujashika kipaza sauti."

Siku ya kuhama seremala alirudi kuung'oa ubao, kwa kuwa alichoweka mpangaji, mpangaji huondoka nacho. Bibi alipapasa ukuta, vidole vikaingia kwenye matundu ya misumari.

"Umekwenda wapi?"

"Tunaubeba, mama. Tutaupigilia tuendako."

Walikokwenda choo kilikuwa nje, ng'ambo ya uwanja wa wazi, na uwanja hauna ukuta. Hilo hakumwambia.

Mkokoteni ulipita barabara kuu, wao wakiufuata kwa miguu. Bibi akavuta mkono wa binti yake.

"Tumefika wapi?"

"Kwenye jengo la Baba Funguo."

"Lile tulilolikunjia pindo?"

"Ndilo."

"Wamehamia wengi?"

"Hakuna mtu, mama."

Bibi alisimama, akauinua uso wake kuelekea madirisha asiyoyaona.

"Sasa yale mapazia yanamficha nani?"

Mkokoteni ulikuwa umeshatangulia, ule ubao ukichungulia juu ya magodoro. Mama Pazia alimshika mama yake mkono, wakaufuata.