Beberu Aliyenyolewa

Walenty Skiba hakuweza kukaa kitini hata supu ikaisha. Huonja, huinuka, hukwangua ulimi wa zumari, hurudi supu imepoa, humlaumu mkewe. Miaka sita alikuwa akiunda zumari la mfuko, lile lenye kichwa cha mbuzi cha mti na mvukuto wa kwapani, ambalo huku kwetu Zbąszyń tunaliita Beberu. Beberu wa mwisho alizikwa pamoja na babu yake Walenty. Tangu hapo harusi zetu zilipigiwa kodiani na Czesio, nasi tukajifanya tunafurahi.

Sasa Ludwika, binti wa dada yake Walenty, alikuwa anaolewa, na alikubali kupelekwa kanisani kwa mlio wa Beberu.

"Lakini akikwama njiani, mjomba, Czesio anapiga kodiani lake. Na huyo mbuzi wako nisimwone tena."

Ijumaa Shangazi Pelagia akaja kukagua. Alipoona mfuko una manyoya meupe pe, alifanya ishara ya msalaba.

"Una wazimu? Mweupe hupigwa bibi harusi akishavuliwa shela! Kanisani anakwenda aliyenyolewa!"

"Nilisahau, shangazi."

"Miaka sita unachonga pembe, unasahau nywele?"

Walenty akachukua wembe wake wa ndevu. Akanyoa kwa pupa. Beberu akapata upara, na matundu matano. Manne aliyaziba kwa nta. La tano hakuliona.

Jumamosi, kutoka mlangoni kwa bibi harusi, sauti ilikuwa tamu kwa hatua ishirini. Kisha ikaanza kuzama. Mkono wa Walenty ukapiga mvukuto kama bawa la kuku anayekimbizwa. Nyuma, Czesio akavaa mikanda ya kodiani huku akichekelea.

"Mjomba, anavuja!"

"Tembea, mwanangu!"

"Atafika wapi?"

"Kwa mwendo huu? Kisimani."

Kanisa lilikuwa mbele zaidi ya kisima. Ludwika akageuka, akamwona Czesio vidole viko tayari. Akapandisha gauni hadi magotini, akatimua mbio. Bwana harusi akafuata. Shangazi Pelagia, miaka sabini na mmoja, akavua viatu. Harusi nzima ikakimbia na mbuzi mwenye upara, na Czesio, ambaye kitambi chake kinajulikana, akabaki kisimani akihema.

Walipofika, padri alikuwa bado anatafuna chakula chake. Beberu alitoa mlio mmoja wa mwisho, akalegea.

"Jioni utapiga tena, mjomba," Ludwika akasema.

"Jioni anatakiwa mweupe!" akafoka Shangazi.

"Basi mpakeni unga."

Shangazi akageuka kumkataza Walenty, lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka kuutafuta.