Siku Samaki Wangu Walipopata Homa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, chekeni mara moja mmalize, maana aibu hii naisimulia mwenyewe na sitaki kuisikia tena sokoni Walukuba.

Mimi nauza sangara hapa Wanyange. Mjukuu wangu Zaituni, anayesoma Mbale na kukaa Nkoma, aliniwekea ndani ya friza kijidude cha kupima joto, halafu kwenye simu yangu akaweka kiunganishi cha kuchukua vipimo na kuvipeleka kwa dalali wa ujumbe. (Dalali huyo si mtu, ni kompyuta iliyo mbali, inapokea habari na kuwagawia waliojiandikisha, na joto likipanda inaziliza simu zao.) Ikabaki kuchagua tu habari ziende njia gani, ya nyumbani au ya wateja.

"Jaja, chagua ya nyumbani, tuone sisi kwanza," Zaituni akaniambia kwa simu.

Mimi nikachagua ya wateja. Nilitaka Mbale nzima ione baridi ya samaki wangu, hasa Hajati Mariamu, aliyeagiza samaki wa friza yote kwa nikaha ya binti yake Jumamosi.

Ijumaa nikaosha friza. Kijidude nikakifunga kwenye pindo la leesu, hapa kifuani, ninapofunga kila kitu nisichotaka kipotee, nikarudisha samaki, kijidude nikakisahau, nikajilaza kidogo kwenye mkeka barazani.

Usingizi gani ule! Friza inanguruma taratibu, upepo unatoka ziwani, mara nikaona ziwa lenyewe limeingia uani, maji ya uvuguvugu, sangara wanapita juu ya paa weupe kama mawingu, nami naogelea katikati yao bila kulowa, na ndege wanalia ti-ti, ti-ti, nikajiuliza, ndege gani hawa wasiochoka? (Zilikuwa simu. Yangu na ya kila mteja.)

"Mama! Samaki wana homa!"

Ni Afande Opio wa magereza, mteja wangu, amesimama juu yangu, nyuma yake majirani, kila mmoja na simu mkononi. Nikapokea yangu.

"Jaja, samaki wana joto la mtu!" Zaituni analia. "Hajati anatafuta mbuzi! Huyu hapa, ongea naye!"

Nikainuka, nusu yangu bado ndani ya yale maji, nikatoa sangara kwenye friza, nikamgonga mezani karibu na simu, ngo! ngo!

"Hilo jiwe," akasema Afande. "Sasa joto linatoka wapi?"

Simu zote zikalia tena, ti-ti. Nikashika kifua. Mbele ya wanaume wale nikafungua pindo, nikatoa kijidude, kina joto kama yai lililotoka sasa hivi chini ya kuku.

Wakacheka mpaka Afande akakaa chini na yunifomu yake, akamsimulia Hajati kwenye simu kijidude kilikotoka.

"Samaki nawachukua," akasema Hajati kwenye simu. "Lakini yule aliyelala kifuani kwako mpe Afande."

"Hajati, mimi nina mke!"

Wao wanacheka, mimi bado nawaona wale samaki weupe wakipita juu ya paa, polepole, hawana haraka.

Jioni niliwaamuru watu wa nyumba yangu: habari ziende njia ya nyumbani tu, kijidude kisitoke kwenye friza hata siku ya kuosha, na Jaja akilala, ndege wakaanza kulia, aamshwe.