Mstari wa Mwezi Uliopita

Shangazi yangu hajui kutulia. Hata akiketi kula, vidole vyake vinagonga meza kana kwamba ina herufi. Kazi ndiyo iliyomharibu. Kwa miaka kumi na moja ameketi kwenye kona ya chumba cha daktari, nyuma ya kompyuta, akiandika kila kinachosemwa ili daktari apate nafasi ya kumtazama mgonjwa usoni. Mgonjwa hujieleza, daktari huuliza, shangazi huandika. Kusema haruhusiwi. Kwa mtu mwenye mdomo kama wake mimi naiita hiyo adhabu, na nilishamwambia.

Foleni ni ndefu, kwa hiyo ana njia yake ya mkato, na waandishi wenzake wote wanayo. Mgonjwa akirudi, hunakili ukurasa wake wa mwezi uliopita, kisha hubadilisha yaliyobadilika. Daktari hupitisha macho haraka haraka na kusaini. Ukishasainiwa umefungwa, mwandishi hawezi kuugusa tena.

Siku moja alitoka zamu saa nane mchana, akafika nyumbani na kuanza kukata vitunguu huku akinisimulia habari za mzee mwenye kidonda cha mguu aliyelazwa asubuhi ile. Akawa anamwigiza binti wa yule mzee, jinsi alivyoinama kumvalisha baba yake kiatu huku akisema kuna sindano iliyowahi kumvimbisha uso mpaka akashindwa kupumua, na akaitaja kwa jina. Daktari alikuwa kwenye sinki ananawa mikono, bomba limefunguliwa. Hapo kisu kikasimama.

"Sikubadilisha," akasema.

Sikumwelewa. Akanieleza huku akitafuta viatu. Ukurasa alionakili ulisema mgonjwa hana mzio, yaani hakuna dawa inayomdhuru. Maneno ya binti aliyasikia vizuri, akajiambia atayaandika, mara mgonjwa mwingine akaingia. Na dawa hiyohiyo ndiyo aliyokuwa ameshaiagiza daktari. Sindano ya kwanza ilikuwa saa kumi, na saa kumi ilikuwa inakaribia.

Tulipiga simu wodini, haikupokelewa. Nikatoka naye mbio mbio, nimejaa hofu na hasira pia, maana mimi hukasirika kwanza halafu ndiyo nafikiri. Yeye njia nzima hakunyamaza. Mara ajilaumu, mara amlaumu daktari, mara aseme labda wamechelewa, si kila siku wanachelewa? Barabara ya kuvuka ilipojaa magari alikanyaga-kanyaga pale ukingoni kama anayechomwa na miiba, na nikamshika mkono asije akajirusha.

Tulimkuta muuguzi kando ya kitanda cha mzee, sindano imeshavutwa dawa. Shangazi akamwomba asubiri, akihema. Muuguzi hakuwa mtu mbaya. Akasema tu kwamba ukurasa unaonyesha mgonjwa hana mzio, daktari amesaini, na sasa yuko chumba cha upasuaji. Kisha akauliza nani amemtuma.

Namjua shangazi. Uongo mdogo wa kumtoa kwenye shida haujawahi kumpungukia, nikangoja aseme katumwa na daktari mwenyewe.

"Sijatumwa na mtu," akasema. "Huo mstari ni wangu mimi. Niliunakili kutoka mwezi uliopita nikauacha. Ukimchoma, nimemchoma mimi."

Muuguzi akairudisha sindano kwenye trei. Akamgeukia binti wa mzee, aliyekuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, akamwuliza kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru baba yake. Binti akaitaja ileile. Akasema mbona alishaeleza asubuhi.

"Daktari hakunisikia, nilimwona alikuwa ananawa," akamwambia shangazi. "Lakini kulikuwa na mama mmoja pale kwenye kona, anaandika. Nikasema basi, huyo kasikia."

Alikuwa akimtazama shangazi usoni kabisa, na hakumtambua.