Ungeniambia Jumapili

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi, mwanangu, nimesimama mbele ya friji ya zahanati na moto wake umezimika. Nilikuwa na wiki tatu tu kazini. Friji unayoijua wewe ni ya umeme. Ile yetu ilikuwa ya mafuta ya taa, chini ina tangi na utambi, na mwali ule ndio uliotia baridi humo ndani zilimokaa chanjo za watoto. Usiniulize moto unatiaje baridi. Mpaka leo sijui.

Kazi ilikuwa kule bondeni Rukwa, kwenye joto, nami mtoto wa huku juu Ufipa niliyezoea baridi. Jina la kijiji naliacha, wenyewe wapo. Majina ya watu ninayo yote. Nilikuwa nimeishia darasa la nne, lakini nikapewa koti la uhudumu: kufagia, kuchemsha sindano, kuitunza friji. Wanawake kisimani wakanipa na cheo. "Haya, daktari wa fagio! Leo umetibu wangapi?" Nacheka nao, kisha nikifika chumbani naliona koti lile si langu, kuna siku watakuja kunivua.

Kwa hiyo muuguzi wetu, Mama Skolastika, aliponionyesha namna ya kukata utambi, niliitikia, "Nimeelewa, mama." Sikuelewa. Alikata haraka, na mimi nilikuwa natazama uso wake nione kama amenichoka, sikutazama mikono. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini mwenye hofu huisikia methali hiyo kama imesemwa kwa wengine.

Ijumaa akapanda gari kwenda Sumbawanga kufuata dawa. Jioni nikakata utambi nijuavyo mimi. Asubuhi ndiyo hiyo niliyokwambia: moto umekufa, barafu yote maji, vichupa vya chanjo vina uvuguvugu mkononi kama mayai yaliyotoka kutagwa. Nikawasha tena. Kwenye karatasi ya kuandikia kipimo cha baridi cha kila siku, nikanakili namba ya jana.

Jumapili Mama Skolastika akarudi. Akafungua friji, akaingiza mkono, baridi ilisharudi.

"Ilikaa vizuri, Felista?"

"Vizuri, mama."

Jumatatu ikawa kliniki. Wa kwanza alikuwa Nyamizi, mke wa mfugaji mmoja Msukuma, ametembea tangu alfajiri na binti yake Limi mgongoni, mtoto wa miezi tisa. Limi akalia kwa sindano, mama yake akamcheka. "Nyamaza wewe, sasa hata surua ikikuona itakupisha njia." Mimi nimeshika bakuli la pamba, nimesimama hapo hapo. Watoto kumi na tisa walipita mbele yangu siku ile na mdomo wangu haukufunguka.

Surua ikaja kabla mvua hazijaisha. Limi aliletwa hawezi kumeza, macho yamevimba. Alifia kwenye benchi, mama yake akimpepea kwa ncha ya kanga. Nyamizi hakulia mara moja. Alimtazama Mama Skolastika akasema, "Lakini huyu alichanjwa. Si ulimchanja wewe mwenyewe?" Mama Skolastika akaifungua kadi ya mtoto, akaigeuza, akaigeuza tena.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Nilimvuta muuguzi wangu nyuma ya jengo nikamwambia yote.

Nilingoja kofi. Yeye aliketi chini mchangani na sare yake nyeupe. "Ungeniambia Jumapili," alisema, "ningevimwaga vile vichupa, nikawarudisha akina mama nyumbani, nikakugombeza mpaka jioni. Basi. Sasa nikugombeze ya nini?"

Chanjo mpya zilipofika, tulizunguka nyumba kwa nyumba kuwachanja upya watoto wa Jumatatu ile; ndiyo maana majina yao sijayasahau. Mmoja wao, Gaspari, tulimkuta anaumwa tayari. Alipona, jicho la kushoto likabaki jeupe. Kwa Nyamizi, Mama Skolastika alisimama uani akasema, "Hapa utasema wewe." Nikasema. Nyamizi alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Uliogopa nini?" Nikamjibu niliogopa kufukuzwa kazi.

"Kazi," alisema. Ni hilo tu, akaingia ndani. Hakunisamehe. Kiangazi wakahama na ng'ombe wao, sijui aliko.

Baadaye mganga mmoja wa hospitali aliniambia hata chanjo nzima humkosa mtoto mmoja mmoja. Huenda. Sijawahi kuliegemea neno hilo.

Nilitaka kuacha. Mama Skolastika akakataa. "Ukiondoka ataletwa mwingine mwenye woga kama wako, na hajui unachokijua wewe sasa. Kesho njoo, utaukata utambi nikikutazama." Nikaenda. Nilifanya kazi ile mpaka nikazeeka nayo.

Sasa mjukuu wangu Editha ameanza kazi ya maabara hapa mjini. Juzi alinipigia simu amejifungia chooni, analia. "Bibi, wenzangu wote wanajua, mimi tu ndio sijui. Nikiuliza wataniona kilaza." Mwanangu Editha, nawe mwingine unayesoma, sikwambii uache kuogopa, mimi mwenyewe sikuweza. Woga wa mgeni kazini haumdhuru mtu. Kinachodhuru ni kuufunika kwa "nimeelewa". Ukionyeshwa jambo likakupita, sema uonyeshwe tena, hata mara ya tatu, hata wakicheka. Kicheko hakimpandishi mtoto homa. Ukiharibu, sema siku ile ile, wakati kosa bado ni la kugombezwa tu. Na siku wewe utakapoletewa mgeni, usimwulize kama ameelewa, maana atakuitikia. Mwambie afanye, wewe utazame mikono yake.

Mungu akupe mkubwa wa kazi mwenye subira, na asipokupa huyo, akupe ulimi usioganda. Akulinde usije ukazeeka na jina la mtoto wa mwenzio kifuani. Nenda, mwanangu. Toka humo chooni, nawa uso, ukaulize.